Paka wa mama mkwe kameza uzi wangu wa kofia, na mwenyewe yuko Pangani

Shangazi shikamoo.

Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga, nashona kofia za mkono zile za viua, ndo kazi yangu nikishamaliza shughuli za nyumbani. Nakuandikia Jumatatu usiku saa nne, watu wote wamelala, mi nimekaa chini mlangoni kwa chumba cha mama mkwe na tochi ya simu namwangalia paka. Usinicheke shangazi.

Paka mwenyewe sio wangu. Ni wa mama mkwe, jike la rangi tatu, nene hilo, anaitwa Shibe. Alikuja mwenyewe mwaka aliofariki baba mkwe, kaingia tu ndani kalala kwenye mkeka wa eda pembeni ya mama, na toka siku ile hawaachani, mama anamtolea kichwa cha kibua kabla hajajipakulia yeye. Sasa mama yuko Pangani kwenye arobaini ya kaka yake, anarudi Ijumaa, na kabla hajapanda gari alinishika mkono akaniambia mwanangu nakuachia Shibe.

Ijumaa jioni nilikuwa na kofia ya oda, mtoto akaniita uani, nikaiacha kwenye mkeka na sindano ikiwa na uzi. Hazikupita dakika kumi wallahi. Narudi nakuta kofia imeburuzwa mpaka chini ya kiti na Shibe anatafuna hewa, anainamisha kichwa na kukirudisha kama mtu mwenye mwiba kooni, na uzi siuoni. Ulikuwa kama dhiraa mbili, wa rangi ya kahawa. Nikahangaika na sindano kwanza, nikapapasa mkeka wote mpaka nikaikuta imechomeka pembeni, nikamshukuru Mungu, nikasema basi, sindano ipo, uzi mtupu sio kitu atautoa tu.

Jumamosi alfajiri akatapika povu la njano, mchana tena. Jumapili nimemwekea kibua kanusa kageuka kaenda kujificha uvunguni. Majirani kila mtu na lake, mmoja nimpe mafuta ya nazi vijiko viwili uzi uteleze, mwingine bamia za kuchemsha, mwingine maji ya chumvi atapike, na mwingine kasema paka wake alimeza kifungo cha shati na siku ya pili akakitoa salama kwahiyo nisijitie wazimu. Bamia nilimpa kidogo akazitema. Panadol ya maji ya watoto ninayo ndani nikataka kumpa, nikasita.

Sasa hili sijamwambia mtu. Jumapili jioni nimemuona kwa nyuma kauzi kanachungulia, kama urefu wa kucha. Nikakashika nikavuta. Kakaja kidogo afu kakakaza, na Shibe akapiga kelele ambayo mi sijawahi kusikia paka akipiga, nikaachia nikabaki natetemeka mikono.

Leo nimemwita daktari wa mifugo. Kampapasa tumbo muda mrefu, kaangalia chini ya ulimi kasema hapa hamna, akasema utumbo anausikia umejikusanya sehemu moja. Kampiga sindano ya kuzuia kutapika na dripu ya chini ya ngozi. Anasema dawa ni kumpasua, na mwisho Jumatano, zaidi ya hapo hataki kumgusa. Laki mbili na themanini, na hawezi kuniahidi kama atapona. Kama sina, kasema ipo sindano ya kumpumzisha. Huyo daktari naye sijamwambia kama niliuvuta.

Pesa ninayo na sina. Kesho napokea mchezo wetu wa kuchangiana hela, laki tatu, lakini hiyo ni godoro na tranka na mashuka na ndoo ya kijana wangu anayeripoti kidato cha kwanza bweni wiki ijayo. Mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi, mtandao unashika mara moja moja, nilimpata jana akanambia paka hafi kwa uzi, na ole wako uguse pesa ya shule. Lakini hajui kama ni uzi wangu. Na mama anapiga kila jioni baada ya magharibi, swali la kwanza "Shibe kala?" nami nasema kala. Alishanisema mara mbili kuhusu nyuzi zangu sebuleni, mara ya pili mbele ya mawifi.

Nimefikiria nitoe hela kimya kimya apasuliwe, mama akirudi nitajua cha kusema. Nimefikiria nisubiri tu. Na Mungu anisamehe, nimefikiria achomwe hiyo sindano afu niseme kagongwa na bodaboda. Afu nakumbuka yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, usingizi wote unaisha. Nifanyeje shangazi?

Mkamwana, Makorora

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Sicheki hata kidogo, mtu anayekesha mlangoni kwa paka asiye wake sio wa kuchekwa.

Barua yako niliiona usiku uleule nikakujibu kwa simu mambo machache ya haraka, na umeniruhusu kuyaweka hapa kwa sababu nyumba zenye paka na nyuzi ni nyingi. Nilikwambia usiuvute tena huo uzi hata ukitokeza kiasi gani. Nikakwambia usimpe kitu mdomoni, sio mafuta, sio chumvi, sio bamia, na hiyo Panadol ndo kabisa iweke mbali. Na kukicha umpigie daktari umwambie uliuvuta. Sasa ni Jumanne asubuhi, nimekaa na chai yangu, tuongee taratibu.

Nikikusoma naona una paka mgonjwa, una hela ambayo ina kazi nyingine, na una neno "kala" unalolisema kila jioni kwenye simu. Umeyaweka yote kwenye kapu moja ndo maana halibebeki. Paka ana haraka. Hela ina haraka kidogo. Hilo la mama we umeliweka mwisho, liende likangoje Ijumaa, na mi nadhani ndo linaloyafunga hayo mengine.

Lakini kwanza huo uzi, maana nimeona ulishukuru ulipoipata sindano. Kila mtu angeshukuru. Ila uzi mtupu kwa paka sio jambo dogo, na wala sio pamba ya kupita tu. Umewahi kulambwa mkono na Shibe? Ulimi wake unakwaruza kama msasa, kwa sababu una vimiiba vidogo vidogo vyote vimeelekea ndani kooni. Kitu chembamba kirefu kikishashika pale paka hawezi kukitema hata akitaka, anabaki kumeza na kumeza, ndo ile tafuna hewa uliyoiona. Afu uzi ukienda chini, mara nyingi ncha moja inanasa mahali, chini ya ulimi au pale tumbo linapoingilia utumbo, na utumbo wenyewe hauna habari, unaendelea na kazi yake ya kusukuma. Wewe ni mshonaji, utanielewa upesi kuliko wengine: unajua unavyopiga marinda, unashika uzi huku unavuta kitambaa kinajikusanya chote? Ndo hivohivo utumbo unavyopanda juu ya uzi. Daktari alivyosema umejikusanya sehemu moja, alikuwa anayapapasa marinda. Na uzi uliokaza ndani ya marinda, kila utumbo ukisukuma unasugua palepale kama msumeno, mpaka mwisho utumbo unaweza kutoboka, uchafu ukamwagika tumboni, na hapo ndo paka wengi wanapotutoka.

Kwahiyo yule jirani wa kifungo hakusema uongo. Kifungo ni kiduara, kinabiringika. Wangu mimi aliwahi kula mpira wa kufungia noti, mdogo, akautoa kesho yake kwenye mchanga bila habari. Uzi wa dhiraa mbili ni mambo mengine, na kuuvuta kwa nyuma ni kukaza marinda kwa mkono wako. Sisemi hivi kukuumiza, hukujua, na uliachia palepale uliposikia kelele. Ila daktari lazima ajue, maana ncha iliyoonekana kwa nyuma inamwambia uzi umeenda urefu gani, na kama ulivuta atakuwa na wasiwasi zaidi na utumbo wenyewe. Atakufokea? Labda. Wamezoea, kila siku wanakuta watu wameshavuta.

Na dawa za majirani, nizimalize. Mafuta ukimmiminia paka asiyetaka yanaweza kuingia njia ya hewa, akapata nimonia juu ya uzi. Chumvi ya kumtapisha inaweza kumuua yenyewe, na kumtapisha mwenye uzi ulionasa ni kuuvuta kutoka upande wa pili. Panadol ndo mbaya kuliko zote, ini la paka haliwezi kuivunja kama letu, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za kahawia na uso unavimba, kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Ulivyosita na ile chupa ya watoto huenda ndo ulimwokoa, na wala hujajihesabia hilo.

Haya, kupasua. Unaniuliza kama nani vile, mi sio daktari, lakini kabla hujaamua kuna maswali ya kumuuliza huyo bwana na usione aibu. Tanga yetu ni mji wa ng'ombe wa maziwa, wataalamu wa mifugo tunao, Buhuri pale chuo kinawatoa kila mwaka, ila anayechanja kuku na kutibu ng'ombe sio lazima awe amewahi kufungua tumbo la paka. Tuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari linaloandikisha madaktari, kwahiyo muulize kwa adabu kama ameandikishwa kama daktari kamili, kama ameshawahi kufanya upasuaji wa namna hii, atamlaza kwa dawa gani, na ile laki mbili na themanini inafika wapi, maana kuna dripu za baadae, kuna antibayotiki, kuna kurudi kutoa nyuzi za mshono baada ya siku kumi au kumi na nne. Muulize pia kama hela inaweza kutolewa kwa mafungu. Wengi wanakubali kama wanakufahamu mtaani.

Umuulize na picha. Hapa watu wanachanganya: eksirei inaonyesha sindano vizuri sana, uzi wenyewe hauonyeshi, inaonyesha tu utumbo ulivyojikunja. Ultrasaundi inasaidia zaidi kama ipo na anayeijua. Dar kuna kliniki za wanyama, na Morogoro kwenye chuo kikuu cha kilimo, SUA, kuna hospitali ya wanyama, huko vifaa ni vingi. Lakini piga hesabu ya safari, paka ambaye hajala toka Jumamosi, amekaukiwa maji, umtie kwenye kapu upande gari stendi ya Kange upitie Chalinze mpaka ufike huko na joto hili la kaskazi, afu ndo uanze foleni. Wengine wamefanya wakafanikiwa. Wengine wamefika na kapu lenye maiti. Sijui Shibe yuko upande gani, daktari aliyemshika anaweza kukwambia kama anastahimili njia.

Kumpasua hapa nako kuna hatari zake, usingizi wenyewe ni hatari kwa mnyama aliyedhoofu, na kama utumbo umeshatoboka uwezekano wa kupona unashuka sana. Kama haujatoboka wengi wanapona. Hapo hela yako inaweza kwenda na paka akaenda, lijue hilo kabla hujaitoa, sio baada.

Kusubiri. Najua baba watoto kasema paka hafi kwa uzi, na yuko baharini, hajamuona, simlaumu. Kuna paka wanaoutoa uzi wenyewe, wapo. Lakini hao ni wanaokula, wanaocheza, hawatapiki, na wanasubiriwa daktari akiwa karibu. Shibe anatapika, kajificha, na utumbo umeshajikusanya. Isitoshe paka mnene akikaa siku tatu nne bila kula, mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini na ini linaanza kufa lenyewe, unakuwa na magonjwa mawili. Kwahiyo kusubiri unakokuona ni bure sio bure, kunalipwa na Shibe.

Na ile sindano ya mwisho. Mtu akiniambia hana uwezo, mnyama anateseka, kaamua kumpumzisha mikononi mwa daktari, mimi simnyooshei kidole. Kuna siku hiyo ndo huruma iliyobaki. Kinachonisumbua kwenye barua yako sio sindano, ni bodaboda. Hebu fikiria, mama anarudi Ijumaa anauliza kagongewa wapi, saa ngapi, nani kamzika, mmemzika wapi, watoto wako watatu wamesimama pale, daktari ni wa mtaa uleule, na jirani wa bamia anapita na salamu zake. Huo uongo hautafika Jumapili mwanangu.

Sasa nikuulize, na usinijibu haraka. Huyu paka ni wa nani? Umeandika mwenyewe mstari wa mwanzo kabisa kuwa sio wako. Halafu barua nzima unaamua peke yako afe au apone, utoe hela au usitoe, na mwenye paka yuko Pangani na simu mkononi anapiga kila jioni. Umeshaamua kuwa atakasirika, umeshaamua kuwa hana hela, umeshaamua kuwa hawezi kubeba habari hii akiwa msibani. Huenda ni kweli yote. Lakini huenda ana chochote kafunga kwenye pindo la kanga. Huenda mawifi haohao waliokusikia unasemwa wakachangishana elfu ishirini ishirini. Huenda akakwambia mwanangu mwache apumzike, mi nimeshamzika kaka yangu na mume wangu najua jambo likifika. Au akakata simu na kukununia mwezi mzima, hilo nalo lipo, siwezi kukufichia. Ameshakusema mbele za watu na hilo linauma, na safari hii kweli uzi ni wako. Ila kununiwa kwa kosa ulilolisema mwenyewe sio sawa na kununiwa kwa kosa lililogunduliwa, we umeolewa muda wote huo unajua tofauti.

Kuhusu pesa ya kijana, sitakwambia ipi ina uzito. Godoro la mtoto sio jambo la mchezo na baba yake kasema neno lake, kuigusa kimya kimya ni kufungua ugomvi wa pili wakati wa kwanza haujaisha. Lakini baba mwenyewe kajibu swali ambalo hukumuuliza lote. Alisikia "paka kala uzi." Hakusikia "paka wa mama yako, uzi wangu, daktari kasema Jumatano." Mtumie ujumbe wote mzima, ukae kwenye simu yake, mtandao ukishika atausoma. Na mchezo wenyewe, wenzio hawawezi kukubadilishia zamu na mtu wa mwezi ujao, au kukuazima? Muulize yule kijumbe wenu, nawajua hao, akili ya pesa wanayo. Na vitu vya bweni huwa haviingii vyote siku moja, ndoo na mashuka vinaazimwa, tranka la binamu linapigwa rangi.

Na yule mwanamke wa kwenye hadithi. Mi sio shehe, lakini hiyo hadithi kila mtu anaijua na kila mtu anaikata katikati. Yule alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Wewe uliacha kofia dakika kumi ukaitikia mtoto. Mwite ustadh ukitaka umuulize, mi naona unajipaka tope la mtu mwingine.

Ukiamua kumpigia mama usimngoje yeye apige magharibi, maana ukingoja swali la "kala?" ulimi utajisemea wenyewe kama ulivyozoea. Piga mchana wakati wamemaliza kupakua. Anza na uzi, usianze na kutapika. "Mama, Ijumaa niliacha kofia yangu chini, Shibe kameza uzi." Ukishaisema hiyo ya kwanza, daktari na bei na Jumatano vitafuata vyenyewe, na yeye ndo atauliza maswali.

Mchezo unapokea saa ngapi leo? Kama ni jioni, una mchana mzima wa kupiga simu Pangani kabla hela haijafika mkononi.